Wasomaji Wauliza: Kupatana na Kushawishi Kazini

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinaomba maneno ya kusema. Nimwambie nini bosi, nijibu vipi wakitaja mshahara, niseme nini msambazaji akipandisha bei. Maneno tutayatoa, lakini mtaona karibu kila jibu linaanzia nyuma kidogo: kwenye karatasi, siku kadhaa kabla ya kikao. Huko ndiko mapatano mengi yanakoharibikia, na anayeshindwa hulaumu ulimi wake bure. Baadhi ya barua tumezifupisha.

Nimefika usaili wa mwisho na nimedokezwa kwamba wataniuliza nataka mshahara kiasi gani. Rafiki mmoja kaniambia nisitaje kabisa, nisubiri waseme wao. Mwingine kasema nitaje mkubwa ili wakikata nibaki na cha maana. Nimsikilize yupi?
*Mhasibu anayehama*

Kila mmoja ana nusu ya jibu. Kabla ya kuchagua, andika namba tatu. Tuseme mshahara wako wa sasa kwa mwaka ni 100, ili hesabu ziwe nyepesi.

Namba ya kwanza ni kikomo, yaani chini ya hapo unashukuru na kuondoka. Kikomo hakitokani na ada za shule wala kodi ya nyumba. Kinatokana na njia uliyonayo usipoipata kazi hii. Ukibaki ulipo, mwakani utapata 104. Kazi mpya iko mbali zaidi, na nauli pamoja na saa utakazopoteza barabarani unazithamini kwa 10. Kikomo chako basi ni 114. Wakikupa 110, umehamia hasara hata kama namba inaonekana kubwa kuliko ya leo.

Namba ya pili ni lengo. Hii inatoka nje yako: watu wenye kazi, uzoefu na vyeti kama vyako wanalipwa ngapi? Uliza watano hivi, na wawili kati yao wawe watu wanaoajiri. Wanaoajiriwa hukutajia mara mshahara ghafi, mara ule unaobaki mkononi baada ya makato, na wengine huongeza chumvi. Kila anayekutajia namba muulize ni ghafi au ya mkononi, na kama posho zimo. Tuseme lengo limetua kwenye 135.

Namba ya tatu ni ya kufungulia. Iwe juu ya lengo, lakini uweze kuitetea kwa sentensi mbili bila kigugumizi. Tuseme 143.

Sasa nani ataje kwanza? Inategemea nani anajua soko. Namba inayotangulia huvuta zile zinazofuata, hata ikiwa haihusiani na jambo lenyewe. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio ambalo watu walizungushiwa gurudumu lililotegwa lisimame kwenye 10 au 65, kisha wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Kwa walioona 10, kisio la katikati lilikuwa 25. Kwa walioona 65, lilikuwa 45. Kama gurudumu tu linafanya hivyo, namba inayotajwa kwa sababu nzuri itafanya zaidi. Kwa hiyo ukiwa umeuliza watu watano, taja wewe kwanza. Kama uko gizani, rudisha swali kwa adabu: "Nafasi hii mmeitengea kiwango gani?" Nafasi ikitangazwa, kwa kawaida bajeti yake imeshapangwa, na wengi hukutajia ukiuliza waziwazi.

Tunapendelea 143 kuliko 150. Namba isiyo ya duara humwambia msikilizaji kwamba umepiga hesabu, ila uwe tayari kuionyesha hesabu yenyewe. Ukitaja kiwango cha kuanzia hadi kufikia, yule wa upande wa pili hushika mguu wa chini. Hivyo mguu wa chini uwe ndilo lengo lako, si kikomo.

Ukishataja, nyamaza. Hapa ndipo wengi wanapojikata. Wanasema "143", sekunde tatu za ukimya zinawalemea, wanaongeza wenyewe: "lakini naweza kushuka." Hakuna aliyewaomba washuke.

Wakijibu 122, usiruke moja kwa moja hadi katikati. Shuka kwa hatua zinazopungua: 143, kisha 138, kisha 136. Hatua zinazopungua zinasema sakafu iko karibu, ilhali hatua sawasawa, kama 143, 138, 133, zinamwambia mwenzako aendelee kusukuma kwa kuwa bado kuna nafasi. Na kila hatua idai kitu: "Nikikubali 138, tunaweza kuandika kwamba mshahara unapitiwa upya baada ya miezi 6 badala ya 12?" Siku za likizo, mafunzo ya kulipiwa, cheo kitakachoandikwa kwenye mkataba, tarehe ya kuanza, siku za kufanyia kazi nyumbani, vyote hivi viweke mezani pamoja na mshahara. Ukisubiri mshahara ukubalike kwanza ndipo uanze kuvitaja kimoja kimoja, utaonekana mtu asiyetosheka, na hutakuwa na cha kubadilishana.

Kuna wanaotuandikia kwamba kubishania tofauti ya 7 ni aibu. Fanya hesabu: kazi ya 140 na kazi ya 133, kila moja ikipanda asilimia 4 kwa mwaka. Tofauti ya 7 ya mwaka wa kwanza inakuwa 84 ukijumlisha miaka 10. Hiyo ni zaidi ya robo tatu ya mshahara wako wa mwaka mzima wa leo, kwa mazungumzo ya dakika 15.

Mambo mawili ya mwisho. Wakikuuliza unalipwa ngapi sasa, kuna mahali sheria imekataza swali hilo, California ikiwa mfano. Kwingine popote, unaweza kujibu: "Ningependa tuzungumzie kazi hii na majukumu yake," kisha utaje namba yako. Na usidanganye kwamba una ofa nyingine. Anayekuajiri akisema "basi ichukue," umekwisha.

Ninaratibu mradi unaogusa idara nne. Sina cheo juu ya mtu yeyote. Naomba takwimu, naahidiwa, siku inapita. Nikimwandikia bosi wao, wananichukia. Nifanyeje wanisikilize?
*Mratibu asiye na rungu*

Ndugu yetu, rungu ni aina moja tu ya nguvu. Mwaka 1959 wanasaikolojia John French na Bertram Raven walitaja vyanzo vitano vya nguvu ya mtu juu ya mwenzake: uwezo wa kuzawadia, uwezo wa kuadhibu, cheo kinachotambulika, kuheshimiwa na kupendwa, na utaalamu. Baadaye Raven akaongeza cha sita, kuwa na habari ambazo wengine wanazihitaji. Vitatu vya mwanzo huna. Vitatu vya mwisho vinajengwa, na ratiba yako yote ya miezi mitatu ijayo ipangwe kuvizunguka.

Anza na jedwali la ukurasa mmoja. Kila mtu unayemtegemea apate mstari wake wenye safu nne: anapimwa kwa nini na bosi wake, kinachomkosesha usingizi ni nini, anamsikiliza nani kabla ya kuamua, na wewe unaweza kumpa nini bila ruhusa ya mtu. Safu ya tatu ndiyo watu huisahau. Katika idara nyingi anayetia saini si anayeamua, kuna karani wa siku nyingi au mchambuzi mkimya ambaye mkuu humuuliza "hii imekaaje?" kabla ya kushika kalamu. Ukimpata huyo, saini inakuja. Safu ya nne ikibaki tupu, kaa na mhusika nusu saa na umuulize mradi wako unamwongezea kazi gani. Jibu lake ndilo litakalokuonyesha cha kumpunguzia: labda anajaza fomu ambayo wewe unaweza kuijaza nusu, au anahitaji kuona takwimu za idara nyingine ambazo tayari unazo kama mratibu. Kumpelekea takwimu hizo kila Jumatatu bila kuombwa kunakuweka kwenye kile chanzo cha sita.

Halafu tengeneza maombi yako upya. Ombi linaloahirishwa lina dalili zake: halina tarehe ("mapema iwezekanavyo"), lina mambo matatu ndani yake, na mpokeaji hajui litamchukua muda gani. Linganisha na hili:

"Naomba jumla ya ankara za robo iliyopita, kwa mwezi, kwenye jedwali nililoambatisha. Ni mistari 3, nadhani dakika 20. Naihitaji Jumatano saa 6 mchana kwa sababu Alhamisi asubuhi bajeti inafungwa na bila hizo idara yenu itaingizwa kwa makisio ya mwaka jana. Kama Jumatano haiwezekani, niambie leo nani mwingine anaweza kuzitoa."

Kitu kimoja, ukubwa wake, tarehe, sababu inayomgusa yeye, na mlango wa kutokea. Mlango huo ni muhimu. Asiyeweza akikosa njia ya kusema hawezi, hunyamaza.

Kuhusu sababu, mwanasaikolojia Ellen Langer na wenzake walichapisha jaribio mwaka 1978. Mtu aliomba kupita mbele ya aliyekuwa akitaka kutumia mashine ya kutoa nakala. Kwa kurasa 5, ombi bila sababu lilikubaliwa na asilimia 60; akiongeza sababu tupu, "kwa sababu nahitaji kutoa nakala," 93; sababu ya kweli, "kwa sababu nina haraka," 94. Watu huishia hapo wakidhani neno "kwa sababu" ni dawa. Wasome sehemu ya pili: kwa kurasa 20, sababu tupu ilipata asilimia 24, sawa kabisa na kutotoa sababu, na ya kweli 42. Jambo dogo hupita kwa mazoea. Jambo kubwa hupimwa, na sababu ya kujazia sentensi haisaidii chochote.

Kuhusu kumwandikia bosi wao: usimweke kwenye nakala ya barua pepe ya kwanza wala ya pili. Nakala kwa bosi ni mashtaka, hata kama umeiandika kwa tabasamu. Ikifika lazima, mwambie mhusika kwanza: "Kesho itabidi nimweleze mkuu wako kwamba takwimu hazijafika, kwa sababu bajeti inafungwa. Ungependa nimwambie nini kuhusu kilichowakwamisha?" Mara nyingi takwimu hufika kabla ya hiyo kesho. Zisipofika, yeye mwenyewe amechangia maneno na hakuna aliyemvizia.

Na wanaokusaidia watajwe. Ripoti ikienda juu, weka mstari: "Takwimu za ankara zimeandaliwa na" fulani, jina kamili, na mkuu wake aione. Ni kitu pekee chenye thamani ambacho mratibu anaweza kugawa bila bajeti, na cha ajabu wengi hukifanyia ubahili.

Kwenye vikao natoa wazo, kimya. Dakika kumi baadaye mwingine analisema vilevile, watu wanapiga makofi. Tatizo ni sauti yangu?
*Asiyesikika*

Huenda sauti inachangia, lakini tungetazama kwanza kilichotokea kabla ya kikao. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Wazo linalopita kikaoni kwa kawaida limeshapita kwa watu watatu wanne nje ya kikao. Wajapani wana neno lake, nemawashi, ambalo asili yake ni kuandaa mizizi ya mti kabla ya kuuhamisha.

Siku tatu kabla, andika ukurasa mmoja na upeleke kwa kila mmoja wa hao watatu, peke yake, kwa dakika kumi. Usiulize "unaonaje?" kwa sababu utajibiwa "nzuri". Uliza: "Nini kingekufanya ulikatae?" Atakachotaja, kirekebishe kama kinarekebishika, na kikaoni useme nani alikigundua. Mtu aliyebadilisha hata mstari mmoja wa pendekezo huwa vigumu kwake kulipinga. Mwombe mwenyekiti aliweke kwenye ajenda kwa jina lako.

Siku yenyewe, sentensi ya kwanza iwe pendekezo, ya pili sababu. Wengi huanza na historia, na pendekezo linapofika wasikilizaji wameshaondoka kimawazo. Mwenzako akilirudia, sema papo hapo bila kununa: "Nashukuru umeliunga mkono. Kwenye ukurasa niliougawa kuna makadirio ya gharama, tuyaangalie." Kisha hakikisha muhtasari wa kikao umeandika nani alileta.

Msambazaji wetu wa miaka mingi ameleta barua: bei inapanda asilimia 12 kuanzia mwezi ujao. Bosi anataka nimwambie tugawane nusu. Ni ushauri mzuri?
*Afisa manunuzi*

Kugawana nusu kunaonekana haki kwa sababu kuna mlingano, lakini nusu inategemea alikoanzia mwenzako. Amesema 12, nusu ni 6. Angesema 16, nusu ingekuwa 8, na hakuna kilichobadilika kwenye gharama zake. Ukizoea kugawa nusu, barua ijayo itaanzia 20.

Mwombe kwanza mchanganuo. Uliza malighafi ni sehemu gani ya gharama yake na imepanda kwa kiasi gani. Akisema malighafi ni asilimia 40 ya gharama na imepanda asilimia 15, hesabu ni 0.40 mara 15, yaani 6. Sita imeelezeka. Sita nyingine mwachie aieleze, na usimsaidie. Anaweza kuwa na jibu zuri, mishahara au usafirishaji, nalo lipimwe vivyo hivyo. Mchanganuo akikataa kuutoa, hilo nalo ni jibu.

Wakati anauandaa, tafuta kikomo chako. Una msambazaji wa pili? Omba nukuu ya bei iliyoandikwa. Tuseme yuko juu ya bei yenu ya sasa kwa asilimia 4. Usikimbilie kusema basi kikomo ni 4. Kuhama kuna gharama: sampuli za kupimwa, akiba ya ziada ghalani wakati wa mpito, oda za kwanza zitakazochelewa, fomu za kumsajili. Zikiwa asilimia 3 ya manunuzi ya mwaka, kikomo chako ni 7. Juu ya 7 unahama kweli, na chini ya hapo vitisho vya kuhama ni maneno matupu ambayo msambazaji wa miaka mingi atayanusa.

Sasa tafuta anachokitaka zaidi ya bei. Mary Parker Follett, mwandishi wa masuala ya uongozi, miaka ya 1920 alitoa mfano wa watu wawili kwenye chumba cha maktaba: mmoja anataka dirisha lifunguliwe, mwingine lifungwe. Nusu dirisha lisingemridhisha yeyote. Walifungua dirisha la chumba cha jirani, kwa sababu mmoja alitaka hewa safi na mwingine hakutaka upepo umpige. Msambazaji anayepandisha bei ghafla mara nyingi amebanwa na fedha za mzunguko, na kama mnamlipa baada ya siku 60, tuseme, kungoja huko kunaweza kumuumiza kuliko bei yenyewe.

Peleka mafungu matatu kwa mpigo, yote yenye thamani sawa kwenu. Kama fedha mnayokopa inawagharimu riba ya asilimia 12 kwa mwaka, kulipa siku 30 mapema kunawagharimu takriban asilimia 1. Hivyo: fungu la kwanza, bei inapanda 6, mnalipa siku 60 kama sasa. La pili, inapanda 5, mnalipa siku 30. La tatu, inapanda 4, siku 30, na mkataba wa miezi 12 wenye kiasi cha chini cha oda, ikiwa ahadi hiyo nayo mnaithamini kwa asilimia 1. Muulize lipi linamkaa karibu. Hata akiyakataa yote, swali la lipi ni baya kidogo kuliko mengine litakuonyesha kama anahitaji fedha mapema au uhakika wa oda, nawe utajenga la nne juu ya hapo.

Jihadhari na kitu kimoja baada ya kukubaliana: ada ndogo za kufungasha, za kupakua, za oda ya haraka. Bandu bandu huisha gogo. Mkataba useme bei imejumuisha nini, na mabadiliko yatolewe notisi ya siku 60 au 90 pamoja na mchanganuo.

Mwenzangu wa kiume aliomba nyongeza akaitwa mtu anayejua thamani yake. Mimi niliomba nikaambiwa nimekuwa mkali. Ni hisia zangu tu?
*Dada wa idara ya mauzo*

Si hisia zako tu, dada. Hannah Riley Bowles, Linda Babcock na Lei Lai walichapisha mwaka 2007 majaribio yaliyoonyesha kwamba wanawake wanaoanzisha mazungumzo ya malipo huadhibiwa na wanaowatathmini kuliko wanaume wanaofanya hivyo hivyo, yaani watu hawatamani sana kufanya nao kazi. Kosa ni la anayetathmini. Bado wewe ndiye utakayekaa mbele yake, kwa hiyo hapa kuna njia zinazopunguza makali bila kupunguza ombi.

Funga ombi kwenye kigezo chao. "Mwongozo wa vyeo unasema anayesimamia wateja zaidi ya 40 yuko ngazi ya juu, mimi nina 52 tangu robo ya kwanza" ni sentensi ambayo ni vigumu kuiita ukali. Onyesha pia faida ya upande wao: "Nataka tulimalize hili kabla ya mazungumzo na mteja mkubwa, ili niende nikiwa na cheo kinachoendana na ninachoahidi kwa niaba ya kampuni." Na kama meneja wako ndiye atakayekutetea kwa wakubwa, mpe karatasi ya nusu ukurasa ambayo anaweza kuipeleka bila kuiandika upya.

Kuna wanaoshauri wanawake watabasamu zaidi na kuomba kidogo. Hatukubaliani nao. Ombi dogo hupewa jibu dogo, na mwakani mnaanzia hapo. Kama baada ya kigezo kuwekwa mezani jibu bado ni "umekuwa mkali", omba sababu za kukataliwa kwa maandishi na tarehe ya kupitiwa tena. Karatasi hiyo itakufaa, ndani ya ofisi hiyo au nje yake.

Bosi ananiongezea kazi kila wiki. Nikisema nimezidiwa anasema "wote tumezidiwa".
*Mbeba zigo*

"Nimezidiwa" ni hisia, na hisia inajibiwa kwa hisia. Peleka orodha yenye saa. Kazi ulizonazo wiki hii, kila moja na makadirio: 14, 9, 8, 6, na hii mpya 9. Jumla 46, wiki ina 40. Usiseme hapana, uliza kipi kishuke: "Hii mpya nitaimaliza Ijumaa kama ripoti ya wateja inasogea Jumanne ijayo. Au ripoti ibaki Ijumaa, hii mpya ianze Jumatatu. Ipi?" Umempa uamuzi ambao ni wake kweli. Makadirio yako yawe ya haki, kwa sababu siku moja atakagua. Jaza saa halisi pembeni kwa wiki nne kabla ya kuanza mtindo huu, utashangaa mwenyewe kazi ya "saa mbili" inachukua ngapi.

Jibu lake likithibitishwa kwa barua pepe ya mistari miwili, wiki ijayo hamtabishana kuhusu kumbukumbu.

Tunajadiliana na mteja wiki tatu, tunakubaliana kila kitu, mwishoni anasema "lazima bodi iridhie". Bodi inarudi na masharti mapya, nasi tumechoka, tunakubali. Imetokea mara mbili.
*Meneja wa miradi*

Ya tatu iko njiani, kwa sababu mbili za kwanza zimemfundisha kwamba inafanya kazi. Si lazima awe mjanja; pengine bodi ipo kweli. Dawa ni ileile.

Siku ya kwanza, kabla ya namba yoyote, uliza: "Tukikubaliana mimi na wewe, nani mwingine lazima aridhie, na hukutana lini?" Kama kuna bodi, nawe jitangazie ngazi yako: makubaliano yetu yatakuwa rasimu kwa pande zote mbili hadi wakubwa wote wasaini. Usitoe punguzo lako la mwisho kwenye rasimu. Bakiza kitu chenye thamani unachoweza kukisogeza, kwa mfano tarehe ya malipo ya awamu ya kwanza au idadi ya marekebisho ya bure.

Bodi ikirudi na sharti jipya, usilijibu peke yake. Fungua fungu zima: "Tunaweza kuongeza mafunzo ya siku mbili. Bei ya awali haikuyahesabu, kwa hiyo ama bei inapanda kwa siku mbili hizo, ama tunaondoa ziara za miezi ya 7 na 8. Bodi ingependelea lipi?" Sharti likiwa na bei, maombi ya mwisho mwisho hupungua haraka. Uchovu wenu nao upangiwe: anayetia saini kwa upande wenu asiwe yuleyule aliyekaa wiki tatu mezani, na hakuna jibu linalotolewa siku ileile sharti linapofika.

Kila kikao kikimalizika, wewe ndiye utume muhtasari ndani ya saa 24. Uwe na safu tatu: tulichokubaliana, kinachosubiri na nani anakishikilia, na kilichotajwa lakini hakimo kwenye bei. Safu ya tatu ndiyo utakayoifungua bodi itakaporudi.